Ukuta wa Bi Mwanawema

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Maana yake ni kuwa uzuri wa kitu haupimwi kwa sura yake ya nje, bali kwa kilichomo ndani. Wahenga hao, Mungu awarehemu, hawakupata kumwona Msellem wa Wete, lakini walimsema.

Katika miaka ya thelathini palikuwa na safu ya nyumba za mawe mjini Wete, zimeshikana ubavu kwa ubavu kama maamuma katika swala. Nyumba ya Msellem ilikuwa na mlango wa msaji uliochongwa mayungiyungi na minyororo. Kila asubuhi aliupaka mafuta mpaka nzi wakawa wanateleza. Akipita mgeni, Msellem hukohoa ili ageuke auone.

Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mjane Bi Mwanawema, alikuwa na mlango wa mbao za makasha, umepinda kama mgonjwa wa baridi yabisi. Tangu afiwe na mumewe, hakuna mwanamume wa nje aliyevuka kizingiti chake. Wageni waliishia barazani, kama ilivyo ada.

"Kibanda kile kinanivunjia hadhi," Msellem alimlalamikia Bwana Almas, msimamizi wa majengo ya mji. "Kibovu! Kibomolewe, pawe uwanja, watu wauone mlango wangu tangu mbali."

Bi Mwanawema alipopata habari, alijua kinachomngoja: kwenda Kiuyu kwa mpwawe, akawe mgeni mpaka siku ya kufa kwake.

Asubuhi moja Bwana Almas akabisha hodi. Nyuma yake alisimama Msellem, kanzu imepigwa pasi, kidevu juu.

"Bi Mwanawema, tumekuja kuitazama nyumba."

"Kuitazama au kuizika?" sauti ilijibu kutoka ndani. "Haya, piteni. Nawe Msellem usibaki hapo kuulinda mlango wako. Hauna miguu, hautakimbia."

Msellem akainama, akaingia shingo upande. Kisha akainua uso.

Kuta zilikuwa nyeupe pe, chokaa yake imesuguliwa ikawa laini kama yai. Kutoka sakafuni hadi karibu na dari, ukuta wa upande wa nyumba ya Msellem ulijaa zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo, safu juu ya safu, kila kimoja na tao lake na ua lake la chokaa, wala hapakuwa na maua mawili yaliyofanana. Mwanga wa kidirisha cha juu ulizimwagikia zidaka hizo, ukuta ukawa kama unapumua. Bwana Almas alivua kofia bila kujijua. Msellem naye, mwenye sauti ya kuadhini, alijikuta ananong'ona kama yumo msikitini.

"Subhanallah! Nani aliyejenga haya?"

"Babu yake marehemu mume wangu. Hii ndiyo nyumba ya kwanza hapa. Zenu zilikuja kuiegemea."

Bwana Almas alikuwa akitazama juu ya zidaka, ambako vichwa vya miti ya mikoko vilichomoza ukutani, vimetundikwa kanga.

"Bibi, na boriti hizi? Mbona hazishiki dari yako?"

"Hizo za Msellem. Babu yake alikuja kuomba azichomeke hapa. Na dini inatwambia jirani asimzuie jirani kutia boriti katika ukuta wake. Basi akapewa. Mimi natundikia kanga."

Msellem alizikodolea macho boriti zake. "Yaani dari yangu..."

"Imelala hapa, mwanangu. Bomoa, kisha uje Kiuyu unihadithie imekuangukia wapi."

"Bwana Msellem," alisema Almas, akijizuia kucheka, "niwaite watu wa nyundo?"

"Nyundo! Bwana Almas, tafadhali, humu hata usikohoe!"

Siku ile ile Bwana Almas aliamuru safu nzima ihifadhiwe: mtu asivunje ukuta wala kung'oa boriti ya nyumba yoyote bila ruhusa. Bi Mwanawema akabaki kwake.

Haukupita muda, Msellem akatembelewa na mama mkwe wake kutoka Kojani. Bibi huyo alisimama kuustaajabia mlango wa msaji, lakini mkwewe akampitisha upesi, akaenda kubisha hodi kwa jirani.

"Mwanangu," mama mkwe alishangaa, "mbona wanitia bandani?"

"Inama uingie, mama," alijibu Msellem. "Nyumba njema si mlango."