Tabaka Juu ya Tabaka

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu nyuma ya pazia, na nyinyi vijana mlioegemea nguzo kama mmeajiriwa kuzishika. Nipeni masikio kidogo. Mwenye simu aizime, anayenong'ona amalizie. Mtoto anayelia mwacheni alie, hana kosa. Nitapaza sauti mimi. Leo sina maneno makubwa. Nina mfano wa paa.

Palikuwa na bwana mmoja, mtu wa mji wa mawe kama huu wetu, akaenda kufanya kazi nchi za theluji. Theluji mnaijua? Hamuijui. Hata mimi sijaiona, lakini nimesoma habari zake, nimesoma mwenyewe kwa macho yangu haya, mstari kwa mstari mpaka mwisho wa ukurasa. Wanasema inashuka kimya, kama sufi mto ukipasuka. Ukiitazama unaona haina uzito. Lakini haifanyi kama mvua, ikazama ardhini ikenda zake. Inakaa. Kesho inashuka nyingine, inakaa juu ya ile ya jana, na ikilowa inakuwa nzito kama mchanga wa kujengea. Ndiyo maana watu wa kule hujenga mapaa yaliyoinama, iteleze iondoke.

Basi bwana yule akanunua nyumba. Mtaa mzima mapaa yameinama, la kwake peke yake bapa kama meza.

Mkewe akasimama nje, akainua uso, akasema, "Baba Mishi, mbona wenyeji wote wameinamisha mapaa yao, ila huyu aliyetuuzia sisi?"

"Wamejenga mabanda ya kuku hao," akasema bwana. "Hii ndiyo nyumba. Kwetu paa lilikuwa hivi hivi. Joto likizidi tunapandisha mikeka, tunalala juu."

"Haya, kalale juu hapa. Asubuhi nitakuja kukubandua kama samaki wa kwenye friji."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa bado wanacheka siku zile.

Majira ya baridi ya kwanza, paa likavuja chumbani mwao. Bwana hakushtuka. Mapaa anayajua. Si amekulia chini yake? Kwetu paa la boriti na mawe likipata ufa, nani analivunja? Unakoroga chokaa, unaita watu, wanaimba, wanalipiga kwa vipande vya mbao mpaka linakuwa gumu. Babu yake alipiga chokaa, baba yake akapiga juu ya ile ya babu. Kule chokaa hakuna, lakini kuna makaratasi mazito ya lami. Akapanda, akabandika, tone likakata. Mwaka wa pili likavuja upande wa jikoni. Akabandika. Mwaka wa tatu akaona asihangaike na viraka, akatandaza paa zima tabaka jipya juu ya lile la zamani. Likang'aa! Akapiga picha, akatuma nyumbani. Ndugu zake wakasema, mwenzetu kafika.

Miaka ikapita hivyo, tabaka juu ya tabaka, mpaka dari la chumbani likaota ukungu mweusi, na nguo kabatini zikanuka kama kisima. Mkewe akaanza kukohoa. Ndipo akaitwa fundi wa pale, mzee wa makamo. Fundi akakata tundu dogo tu juu ya paa, akaingiza mkono, akatoa kitu kinachodondoka maji, kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.

"Yote yavuliwe," akasema fundi. "Mpaka kwenye mbao. Na mbao zilizooza zitoke."

Akataja bei. Ilikuwa karibu nusu ya bei aliyonunulia nyumba. Na si hiyo tu. Itabidi wahame wiki kadhaa, nyumba ibaki wazi.

"Na tukiweka tabaka moja tu juu?" akauliza bwana.

"Juu ya nini?" akasema fundi.

Fundi alipoondoka, mkewe akasema, "Tuvue, Baba Mishi. Mimi niko tayari kulala hata sakafuni kwa watu."

"Nyumba ikae wazi kama kichwa kilichonyolewa nusu? Watu wa kwetu wapite waione? Watasema nini?"

"Watasema tunajenga."

Bwana akavaa viatu, akatoka. Wiki ile ile akampata fundi mwingine, kijana wa haraka haraka, akaja akatandaza tabaka juu. Likang'aa kuliko yote yaliyotangulia.

Sasa sikilizeni, tumefika.

Mwaka ule theluji ilishuka siku nyingi mfululizo. Mchana mmoja, Mishi yuko shuleni, bwana amekaa na mkewe wanakunywa chai, wakasikia kitu kinalia juu, kama mlango wa zamani unaofunguliwa polepole. Wakakimbilia chumbani. Dari limetuna kama tumbo la mja mzito, na maji yanamwagika kitandani, ukutani, kila mahali.

"Leta matambara!" bwana akapiga kelele. "Mama Mishi, leta chochote!"

Mkewe akapiga magoti, akavuta sanduku lililokuwa uvunguni. Akalifungua. Zilikuwa kanga, doti kwa doti, bado na mikunjo ya dukani. Akachukua ya kwanza, akaitupa majini.

"We! Hizo kanga mpya!"

"Ndiyo, mpya. Sijavaa hata moja." Akaikanyaga inyonye maji. "Hii ni ya siku uliyoniita mgumba mbele ya shangazi zako, kabla sijamzaa Mishi." Akatupa ya pili. "Hii uliileta ulipouza bangili za marehemu mama yangu ukaniambia zimeibiwa." Akatupa nyingine. "Na hii ni ya juzi juzi, uliponiambia kikohozi changu ni cha kujitia."

"Mbona hukuniambia kama yalikuuma?"

"Nilikwambia. Kila mara nilikwambia. Ukaenda dukani."

Paa likalia tena, sasa kwa nguvu. Bwana akamshika mkono, wakatoka mbio, na walipofika uani paa likaingia ndani lote, kishindo kikatikisa vioo vya jirani. Wakasimama kwenye baridi na nguo za nyumbani. Bwana akatazama huku na huku. Theluji ile ile ilikuwa juu ya kila nyumba ya mtaa, na nyumba zote zimesimama. Hapo ndipo alipoelewa. Paa lake halikuangushwa na theluji peke yake. Lilikuwa limechoka zamani kubeba marekebisho yake mwenyewe.

Akamgeukia mkewe. "Nimekosea paa hili," akasema. "Safari hii nitalivua lote. Nitalipa gharama yoyote."

"Gharama ya paa ni kubwa," akasema mkewe, meno yanagongana. "Yangu mimi ilikuwa neno moja. Mpaka leo sijalisikia."

Bwana akafungua mdomo. Mnadhani alisema nini? Mke wake amesimama mbele yake, analowa, anatetemeka, anangoja. Bwana akasema:

"Umelowa, mke wangu. Twende kwanza nikakununulie koti."

Yule mama akacheka. Si kicheko kile cha siku ya samaki wa friji. Akasema anakwenda kumchukua Mishi shuleni. Akamchukua. Hawakurudi.

Naona kuna wanaotabasamu. Msimcheke. Yule bwana hakuwa bahili, na alikuwa anampenda mkewe. Alikuwa mtu kama sisi, anayejua kuleta na asiyejua kuvua. Sisi tukimkosea jirani, si tunapeleka sahani ya pilau? Tukimdhulumu ndugu shamba, si tunamchangia harusi ya mwanawe, tena kwa mkono ulioinuliwa juu, watu waone? Tukimvunja moyo mtoto, tunamletea baiskeli. Na Mola wetu je? Mwaka mzima tunaoza ndani, mwezi mtukufu ukiingia tunapaka chokaa, tunang'aa, tunasema tumetubu. Tumevua nini? Chini ya mng'aro wetu kuna nini kinachodondoka maji?

Kuvua ni aibu, najua. Unabaki wazi, upepo unakupiga, wapita njia wanaona mbao zako zilizooza. Lakini mzigo wa kuficha unaubeba wewe, na walio chini ya paa lako ndio wanaokohoa. Mwenzio hangoji zawadi. Anangoja useme: nilikukosea, jambo lenyewe ni hili, nisamehe. Litaje kwa jina lake. Lile ulilolifunika unalijua, hata sasa hivi limekujia, usiangalie pembeni.

Mimi natangulia kutoka, kuna mgonjwa ananisubiri upande wa pili wa mji. Alasiri, Mungu akipenda, mtanikuta hapa tena. Nyinyi nendeni majumbani, mikono mitupu. Leo msipitie dukani.