Ini la Mbuzi wa Masinde

Hapo zamani, na si zamani ile ya fisi na sungura bali ya eksirei na barua za rufaa, mwalimu aitwaye Masinde alipata saratani ya ini. Uvimbe ulikuwa umeuzingira mshipa mkubwa. Madaktari wa upasuaji wakautazama, wakasema haukatiki.

Daktari Chemutai akasema iko njia nyingine. Akatoboa ateri, mshipa wa damu ulio kwenye kinena, akapitisha mrija mwembamba kama tambi, akaufuatilia kwenye skrini hadi ndani ya ini.

Mfamasia Ogola ndiye aliyechanganya dawa tatu za kupita humo. Kipimo cha ile ya tatu kilizidi uwezo wa ini lile. Akakataa kuitoa mpaka kipunguzwe. Kikapunguzwa. Dawa zikaingia.

"Mwalimu, lala chali kwa muda wa saa sita," daktari akamwambia. "Mguu usiukunje. Ukiinuka, mshipa utafunguka."

Zilipopita saa mbili, Namalwa, mama mkwe wa Masinde, akaingia wodini na chupa ya uji. Kwao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani, sembuse mmoja akiwa amejifunika shuka tu. Masinde akashuka kitandani kwenda kujificha nyuma ya pazia. Mshipa ukafunguka.

Muuguzi alikuwa wodi ya pili. Namalwa akaweka uji chini, akamlaza mkwewe sakafuni, akamkandamiza kinena kwa mikono miwili huku akitazama dari. Hakuinua mkono mpaka muuguzi alipofika.

Baada ya duru nne za dawa uvimbe ulisinyaa. Haukuisha, ila Masinde alirudi darasani. Wazee nao wakampiga Namalwa marufuku kukanyaga kwa binti yake Nasimiyu, mke wa Masinde, maana alimgusa mkwe.

Masinde akachinja mbuzi wa shukrani, akawaalika daktari na mfamasia. Kwao, ini la mbuzi huyo hapewi ila mtu mmoja, wala halikatwi. Anayelila huhesabiwa kuwa mzazi wa aliyepona, na mzazi hafungiwi mlango.

Chemutai akasema, "Bila mrija wangu, dawa zingezunguka mwili mzima, zifike kwenye ini zimechoka."

Ogola akasema, "Mrija mtupu hautibu. Na dawa ilivyoandikwa ingemuua. Nani aliiandika?"

Daktari akanywa maji.

Namalwa alikuwa nje ya ua, ameupa mgongo mlango. "Nasimiyu, waambie hao wasomi kwamba damu haikungoja cheti."

"Mama, bila wewe asingeinuka," Ogola akasema.

"Mwambie nilipeleka uji. Kama kuna sheria inayokataza uji, anisomee."

Masinde amesimama na sahani mkononi. Wazee wanamtazama, Nasimiyu anamtazama, ini linapoa. Nanyi mliosikia yote, semeni: je, ampe nani?