Fisi na Vibuyu vya Shemeji

Paukwa?

—Pakawa.

Makoo yenu yana maji?

—Yana.

Basi shukuruni, maana hawa ninaowasimulia hawakuwa nayo.

Hapo zamani za kale ukame ulipiga, wanyama wote wakabakiwa na kisima kimoja. Wakasema wachague mlinzi. Akajitokeza Digidigi, mama ambaye mwanawe alikuwa amepasuka midomo kwa kiu. Akajitokeza Fisi naye, mnajua wenyewe kwa nini.

Waimbaji wa kampeni walikuwa vyura, na chura haimbi koo likiwa kavu. Hivyo Kobe, msimamizi wa uchaguzi, akaweka sheria: kila mgombea awape vyura vibuyu vitatu vya maji ya kisima, visizidi.

Digidigi akatoa vitatu. Vyura wakamwimbia, wakanyamaza. Akasema, "Yatosha. Chema chajiuza."

Fisi naye akatoa vitatu. Kesho yake kikaja cha nne, vyura wakaimba:

*Fisi ndiye maji, maji ndiye Fisi!*

Digidigi akaenda kwa Kobe. "Mzee Kobe, Fisi amezidisha."

"Hicho si chake, mama. Ni cha shemeji yake."

Siku ya pili vikaja kumi. "Mzee Kobe, na hivi?"

"Vya rafiki zake. Wanampenda tu."

Siku ya tatu vikaja visivyo na idadi. "Na hivi, mzee?"

"Hivyo havina mwenyewe. Sasa asiye na jina nimshike wapi?" Mdomo wa Kobe ulikuwa umelowa.

Wanyama wakacheza kutwa. Hakuna aliyeuliza maji yanachotwa wapi. Digidigi akarudi nyumbani, akamkuta mwanawe amejilaza, anaimba kwa sauti iliyokauka: *Fisi ndiye maji.* Alishindwa hata kumkataza.

Fisi akashinda. Asubuhi Digidigi akambeba mwanawe hadi kisimani. Fisi alikuwa ameketi ukingoni. Ndani kulikuwa na tope tu.

"Maji yako wapi, Bwana Fisi?"

"Si mmeyacheza, mama?"

Mtoto akamvuta mama yake. "Mama, waambie vyura waimbe tena yale maji."

Vyura hawakuimba. Nani angewalipa? Kabla ya adhuhuri mtoto naye alinyamaza, na hakusema tena.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli. Ila hawakutuambia kwamba kinachojitembeza ndicho tunachokinunua, tena kwa maji yetu wenyewe.

Ngano yangu imekaukia hapo. Mwenye mate na ameze, asiye nayo anisamehe.