Kwa Nini Kiduha Hung'olewa kwa Wimbo

Enzi za mababu wa mababu zetu, mtama haukuhitaji kupaliliwa. Mtu alipanda, akaenda zake, akarudi na kapu wakati wa kuvuna. Raha iliyoje! Na kiduha, lile ua dogo la zambarau, lilijiotea uani kwa mizizi yake lenyewe bila kumdhuru mtu.

Nyamizi alilipenda ua hilo kwa sababu lilizunguka kizingiti cha mama yake. Siku alipoolewa, mbali, ng'ambo ya milima, mama alimfungia mbegu za mtama kibuyuni, kama ilivyokuwa desturi. Nyamizi, kwa siri, akamimina humo mbegu za kiduha, laini kama unga. Njiani akalia na kukinong'oneza kibuyu: "Tukifika ugenini, shikilia chochote utakachokikuta. Usiniache peke yangu."

Mbegu zilisikia. Shambani kwa mumewe kiduha kiliota, na kwa kuwa hakikuijua ardhi ile, kikashika mizizi ya mtama kwa nguvu zote. Shamba zima likageuka zambarau. Nyamizi alifurahi mno, kila asubuhi akaliona ua la kwao. Lakini mtama ulidumaa, majani yakanyauka huku mvua inanyesha, ghala likabaki tupu. Maziwa yakampungua, na kichanga chake kikalia kwa njaa.

Mama mkwe wake, Mbula, hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Mwanangu, hilo ua lako linakula chungu kimoja nasi, na jembe halijashika."

"Nikiling'oa, mama, nitabaki na nini cha kwetu?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Mbula akajibu, akamweka mtoto mapajani pake.

Msimu uliofuata Nyamizi akaingia shambani. Jembe lilikata mashina tu, mizizi ikabaki imeng'ang'ania. Ikambidi ainame ang'oe kwa mkono, shina moja moja, na kila moja lilimuuma kama kuaga upya. Alipochoka kulia, akaimba nyimbo ambazo mama yake aliziimba akitwanga. Mavuno yalikuwa haba, lakini mtoto alikula uji akashiba.

Na tangu siku hiyo kiduha hakijaiachia mizizi ya mtama, nasi hukiwahi kabla hakijachanua. Wanawake wakiinama kuking'oa, kila mmoja huimba wimbo wa kijiji alikozaliwa. Mume mwenye busara akipita hapo hunyamaza, asije akamkatiza mtu aliyekwenda kwao.