Nyuma ya Wavu wa Mtopwa

Sogeeni. Nikisema "Kale!" nyie semeni "Ilikuwapo!"

Kale!

Ilikuwapo!

Ilikuwapo na watu wake, na njaa yake, na vilio vyake. Endeleeni kuchagua choroko huku mnasikiliza, masikio hayana vidole. Na wewe Stumai, nimekusikia. Umeniambia, "Bibi, si inatosha hii?" na ungo wako bado una mawe. Haya, kisa cha leo ni chako. Wengine wasikilize tu.

Hapo kale, kale ya babu wa babu yangu, mito ilipokuwa haijapewa majina, walikuwako watu waliowinda kwa wavu. Si wavu wa samaki, we mtoto! Wavu wa nchi kavu, wa kamba za magome, unaompita mtu mzima kimo. Kila nyumba ilifunga kipande chake. Siku ya mawindo vipande vyote viliunganishwa, wakauzungusha wavu kichakani. Wengine waliingia upande wa pili na ngoma na makelele, wakimswaga mnyama. Mnyama akikimbia, wavuni. Na nyuma ya wavu wanamngoja watu na mikuki.

Sasa sikilizeni mila yao. Mtu hakusimama nyuma ya wavu wake mwenyewe. Ng'o! Ulichagua wavu wa mwenzako ukasimama nyuma yake, na mwingine akasimama nyuma ya wako. Wazee wale hawakuwa wajinga. Walijua kamba ya kulinda roho yake mwenyewe hata mvivu ataifunga vizuri. Walitaka kuona anavyofunga ya kulinda roho ya mwenziwe.

Katika watu hao alikuwako kijana anaitwa Mtopwa. Mikono! Huyo Mungu alimpa mikono. Mzee Namkulala, fundi wa nyavu, aliwafundisha vijana wote fundo la kurudi. Kamba inazunguka, inapita chini, inarudi kujiuma yenyewe, na ukilivuta fundo linazidi kukaza. Likawashinda wote. Mtopwa akalifunga mara moja, akacheka.

"Ni hili tu?"

Basi akasifiwa. Akienda kisimani, anasifiwa. Akienda ngomani, anasifiwa. Na mnajua wenyewe, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundo la kurudi linakula muda na vidole. Mtopwa akaona hata akifunga fundo la kawaida, wavu wake bado unawashinda wote. Ya nini kujitesa? Akafunga la kawaida. Nguruwe akaja, wavu ukashika. Swala akaja, wavu ukashika. Siku ya kuchagua watu waligombea kusimama nyuma ya wavu wa Mtopwa, na yeye mwenyewe, vidole vizima, anasema, "Yatosha."

Kulikuwa na mjane, Nakawala. Mafundo yake, nisameheni, yalikuwa kama mavi ya mbuzi. Aliyechelewa mawindoni ndiye aliyesimama nyuma ya wavu wa Nakawala, tena huku analaani. Lakini yule mama kila akitoka shamba alikwenda kuketi kwa Mzee Namkulala, na mzee hakuwa na maneno mengi.

"Fungua. Funga tena."

Fungua, funga tena. Msimu ukaisha, mwingine ukaingia. Fungua, funga tena. Siku moja fundo likajiuma likakaza. Wengine walipoona hata mjane analiweza wakaona haya, wakaanza nao. Mtopwa akipita hapo anawatania.

"Mama Nakawala, kamba itakufa ya uzee kabla haijaona mnyama!"

Wakacheka wote, naye akaenda zake. Hakuona kwamba watu wanamkaribia. Kisha hakuona kwamba wamekwisha mpita.

Ndipo akaja simba. Simba mla watu, wajukuu zangu. Alimchukua mama mmoja kisimani, mtungi wakaukuta umesimama wima na maji yake. Akamchukua mlinzi wa mtama. Watu wakaogopa kwenda shamba, ndege wakala mtama wote, na njaa ikaingia ndani kukaa na hofu. Mzee Namkulala akawaita watu.

"Nyavu zote zifungwe upya. Fundo la kurudi, tangu juu hadi chini. Simba si swala."

Wakafunga. Mtopwa naye akafunga, pembezoni, panapoonekana, fundo la kurudi. Katikati akafunga fundo la kawaida. Kaka yake, Chinguile, akamkuta amekwisha maliza, wenzake wote bado wameinama.

Huyo Chinguile ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Yeye alikuwa mtu wa jembe, mafundo hayajui. Wavu wa nyumba yake aliufunga mkewe, Nambewe.

"Mdogo wangu, umemaliza mapema hivyo?"

"Yatosha, kaka. Kwani simba anajua kukagua mafundo?"

Chinguile akacheka, akampiga piga begani. Na Mzee Namkulala, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alipita akizipapasa nyavu za watu kwa vidole. Wa Mtopwa hakuupapasa. Angeupapasa ya nini? Ndiye aliyemfundisha mwenyewe.

Siku ikafika. Wavu umezungushwa, watu wanachagua. Chinguile akawasukuma wenzake penye wavu wa Mtopwa.

"Tokeni! Leo hapa pangu. Mikono hii nimeilisha mimi!"

Ngoma zikalia. Simba akatoka. Akaurukia wavu wa Nakawala, yule wa kuchekwa, na wavu ukashika! Simba akarudi nyuma, akakimbia kuambaa wavu, akajitupa kwenye wavu wa Mtopwa. Katikati.

Mafundo yakateleza. Fundo likaachia, likavuta jenzake, nalo likaachia. Chinguile alikuwa amesimama karibu, kama asimamavyo mtu nyuma ya wavu anaouamini. Hakuwahi hata kuinua mkuki. Simba akamuua pale pale, akapita juu yake, akaingia porini.

Niseme nini? Alikufa. Mtopwa alimlaza kaka yake mapajani na watu wakashindwa kumtoa.

Baada ya mazishi Mzee Namkulala akamjia, ule wavu uliochanika ameubeba begani. Akakaa. Akapapasa fundo, fundo, fundo.

"Fundo la kurudi unalijua?"

"Nalijua."

"Ulilisahau?"

"Sikulisahau, babu."

"Basi."

Akaondoka. Hawakumpiga Mtopwa wala hawakumfukuza. Nadhani angefukuzwa angepumzika.

Mtopwa akauchukua ule wavu akaufungua wote, akaanza upya. Vidole vikapasuka, kamba ikawa na damu, akaifua, akaendelea. Fungua, funga tena. Fundo ambalo zamani alilifunga huku anacheka, sasa analifunga, analivuta, haliamini, analifungua. Na simba bado anakula. Alimchukua mtu mwingine, na mwingine.

Wakatoka tena mawindoni. Mzee Namkulala akasema, "Chagueni." Watu wakachagua. Wavu wa Nakawala uligombewa. Wavu wa Mtopwa ukabaki hauna mtu.

"Nani nyuma ya wavu wa Mtopwa?"

Watu wakazidi kusogea kwa Nakawala.

"Nitasimama mwenyewe," Mtopwa akasema.

"Mila haikuruhusu. Wavu usio na mtu unatolewa."

Mtopwa akaanza kuufungua ubavuni ili autoe. Ndipo akasikia nyuma yake:

"Uache hapo hapo."

Ni Nambewe, mjane wa kaka yake. Ameushika mkuki wa Chinguile.

"Shemeji, usisimame hapa. Nakuomba."

"Kwani wavu si wako?"

"Ni wangu. Safari hii nimefunga, shemeji. Naapa kwa kaburi la kaka."

"Kaburi lile usiliapie. Na sikuja kukusamehe. Simba huirudia njia aliyopita, atakuja hapa hapa. Ukikatika tena, nataka wote wakuone."

Mtopwa akaenda kusimama nyuma ya wavu wa Nambewe, hapo pembeni, mahali pa kuona kila kitu.

Ngoma. Makelele. Kweli, simba akaja mbio kwenye njia yake, akajitupa pale pale. Wavu ukavimba ukamgusa Nambewe kifuani. Alisikia pumzi ya yule mnyama usoni. Mtopwa akafumba macho.

Mafundo yakajiuma. Simba akavuta, yakakaza. Akajipindua, yakakaza. Nambewe akamchoma mkuki wa mumewe, watu wakaja mbio wakammaliza.

Vigelegele! Watu wakarukaruka, wengine wakalia. Nambewe hakupiga kigelegele. Aliuweka mkuki chini, akashika fundo moja la wavu, akalivuta. Likakaza. Akashika jingine, akalivuta kwa nguvu zake zote. Likakaza. Akaja kumtazama Mtopwa, na machozi aliyoyazuia tangu mazishi yakamtoka.

"Kumbe ulikuwa unaweza," akasema.

Hayo tu. Akaokota mkuki akaenda nyumbani.

Mtopwa aliishi mpaka uzee. Hakuna aliyefunga wavu kama yeye, wala hakufa tena mtu nyuma ya wavu wake. Akafundisha watoto wa kaka yake, akafundisha na watoto wao. Lakini mtu akimsifu, huinuka akaondoka. Alikuwa anayasikia yale maneno ya Nambewe, na dawa yake hakuipata.

Asiyeweza akishindwa, wajukuu zangu, tunampa pole. Lakini ukipewa uwezo ukautumia nusu, ile nusu uliyoificha kuna mtu amesimama nyuma yake, na huenda ndiye anayekupenda kuliko wote.

Sasa Stumai unalia nini? Utazilowesha choroko zangu. Mwaga zote, mwanangu, uanze tena.

Kale!

Ilikuwapo!

Imekwenda ilikotoka, nasi tumebaki. Kisa nimekifunga, atakayekifungua, akifunge tena, na akivute aone kama kimeshika.