Ada ya Kutazama Bahari

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Ghalibu, mwenye meli ya starehe iitwayo Raha Tupu. Meli ilizunguka visiwa siku saba. Watu wanakula, wanalala, wanarudi kwao wamenenepa. Nauli reale ishirini, na hiyo ni ya kuingia tu! Ukitaka mto wa kulalia, ongeza. Ukitaka kivuli, ongeza. Na juu ya yote hayo, sikilizeni jamani, akaweka ada ya kutazama bahari. Ndiyo, bahari! Asiyelipa afunge pazia, la sivyo anashushwa kisiwa kinachofuata, akatafute mwenyewe njia ya kurudi kwao.

Sasa mjini humo alikuwapo Sikudhani, dobi, ulimi wake wa moto kuliko pasi yake. Yeye na mama yake, Bi Time, ndio waliofua shuka za meli hiyo. Bi Time alifua miaka thelathini. Miaka thelathini anajua jasho la kila mkubwa aliyelala mle, na ngazi ya meli hajaikanyaga! Akifika na furushi lake la shuka anaambiwa, "Weka hapo, mama, rudi."

Mwaka huo magoti yakaanza kumgomea. Siku moja akasema, tena kwa kujisemea tu, "Ningependa nione hizi shuka zinaenda kulala wapi." Sikudhani akasikia. Akaisahau pasi, ikaunguza foronya.

Majirani wote wakamshauri akate tiketi mapema, ndiyo nafuu. Hakutaka. Alingoja mpaka asubuhi ya safari, meli inakaribia kupiga honi, ndipo akamshika mama yake mkono wakaenda bandarini.

"Chumba kimoja, watu wawili, reale mbili," alisema.

Bwana Ghalibu alicheka mpaka kilemba kikaenda upande. "Reale mbili! Kwa hizo hata paka wa jikoni hapandi. Halafu meli imejaa, binti. Pomoni!"

"Imejaa, Bwana?"

"Vyumba arubaini, vyote vina wenyewe."

"Mbona safari hii umetuletea jozi thelathini na moja tu za shuka?"

Foleni nzima ya abiria ikageuza shingo.

"Wewe hufulishi shuka za chumba kitupu," Sikudhani akaendelea, sauti juu, "unaionea uchungu sabuni. Kwa hiyo mambo ni mawili. Ama vyumba tisa havina watu, ama wageni wa vyumba tisa kati ya hawa waliolipa reale ishirini watalala juu ya godoro kavu. Lipi kweli, Bwana? Wenzangu hapa nao wanataka kujua."

"Godoro kavu?" alifoka bibi mmoja nyuma yake. "Nani? Mimi?" Akainama kuchukua sanduku lake. Na wa nyuma yake naye akainama.

Bwana Ghalibu akazinyakua zile reale mbili kama zinaungua. "Pandeni! Chumba cha thelathini na mbili! Na mfunge midomo!"

"Usihangaike na shuka, baba," akasema Bi Time kwa upole. "Tumekuja na zetu."

Siku tatu Bi Time alikaa dirishani. Chakula alisahau. Akiona samaki karuka, anapiga makofi peke yake.

Siku ya tatu mlango ukasukumwa. Bwana Ghalibu huyo, na nyuma yake kadhi wa mji, mgeni wake aliyesafirishwa bure, ambaye tangu waondoke alikuwa hajaachana na ndoo.

"Sheikh, shuhudia! Huyu bibi anaitazama bahari siku ya tatu leo na hajalipa. Reale kumi, au washuke kisiwa hicho hapo mbele!"

Kisiwa chenyewe kilikuwa na mbuzi, kisima kimoja, basi. Bi Time akaanza kukunja khanga zake. "Twende, mwanangu. Nilichoona kinatosha."

"Kaa, mama." Mikono ya Sikudhani ilikuwa mitupu, hakubakiwa na hata reale moja. Akaificha mgongoni. "Bwana Ghalibu, bahari hii ni ya nani?"

"Yangu! Ikionekana kutoka kwenye meli yangu, ni yangu."

"Na lile povu?"

"Langu."

"Na samaki wanaoruka?"

"Wangu, na wanaruka kwa idhini yangu!"

"Na haya mawimbi, yanayoinua meli yakaiangusha, yakainua, yakaiangusha, yakainua..."

"Binti," kadhi alinong'ona, amekumbatia ndoo, "nakuomba usieleze sana."

"Mawimbi yangu yote, makubwa kwa madogo! Unataka hati?"

"Hati ya nini, na kadhi kasikia kwa masikio yake?" Sikudhani akamgeukia. "Sheikh, umetapika mara ngapi tangu tung'oe nanga?"

"Nilipofika kumi na nne nikaacha kuhesabu."

"Basi mtu wako huyo hapo. Amekiri mwenyewe, hajapigwa hata kofi."

Kadhi akainua uso kutoka kwenye ndoo, taratibu, rangi ya ndizi mbichi. "Mawimbi haya ni yako, Ghalibu?"

"Sheikh, nilikuwa nasema tu..."

"Ni yako, na huyafungi? Ng'ombe wa mtu akiingia shambani kwangu, mwenyewe hulipa. Haya yako yameingia tumboni!"

"Si yangu!" Bwana Ghalibu akapiga magoti. "Wallahi si yangu! Bahari ni ya Mungu, mawimbi ni ya Mungu, mimi nina mbao na misumari tu!"

Sikudhani akalivuta pazia mpaka mwisho, akamrudishia mama yake kiti palepale.

"Basi Mwenyewe akija kudai ada yake, mwelekeze: chumba cha thelathini na mbili, mama yuko dirishani."