Mikono Mitatu Siku ya Arobaini

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana nyumba zilikwisha kuwa na mabomba, Bi Mize alipata mjukuu wa kwanza. Kwa desturi yao, mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini. Siku ya arobaini, mtu mmoja huchaguliwa ambebe mtoto, amtoe nje kwa mara ya kwanza na kumwonyesha dunia.

Heshima hiyo waliitaka watu watatu: Chiku, shangazi wa mtoto, Faki, mjomba wake, na Hidaya, jirani wa mlango wa pili. Bi Mize hakulala kwa kuwaza amchague nani.

Asubuhi ya siku ya thelathini na tisa, bafuni kukasikika: gubu, gubu, gubu!

Chiku alisikia wa kwanza. Maji meusi ya chooni yalikuwa yanapanda na kutambaa kuelekea chumba cha mzazi.

"Asivute mtu choo! Asioshe mtu chombo!" akapiga kelele, akakimbia kufunga koki kubwa. Maji yakaacha kupanda.

Hidaya akazima umeme kwenye swichi kuu barazani, palipokuwa pakavu. Kisha akaingia kwa mlango wa uani, akamkumbatia mtoto, akamshika mzazi mkono.

"We Hidaya!" Bi Mize akalia. "Bado siku moja! Mtoto hatoki!"

"Bibi, uchafu huu haujui kuhesabu," akajibu Hidaya, akatoka nao.

Faki akavaa buti na glavu za mpira, akajifunga kitambaa puani. Akafunua chemba ya maji machafu uani, akasogea kando mpaka harufu ikapungua, ndipo akaingiza waya mrefu. Akasukuma, akavuta, akasukuma. Pwaa! Likatoka bonge la mafuta, kubwa kama nazi.

"Mafuta ya mbuzi haya!" akasema. "Nani humwaga mafuta bafuni?"

Bi Mize akatazama kucha zake. Kila siku, tangu mtoto azaliwe, alimpikia mzazi supu ya mbuzi, akaengua mafuta, akayamwaga bafuni yakiwa moto.

"Yalikuwa yanateremka vizuri," akasema kwa sauti ndogo.

Wakacheka mpaka Chiku akakaa chini. Faki akasugua sakafu kwa sabuni na dawa, akafungua madirisha, akautupa mkeka ulioloa.

"Mkeka wangu wa harusi!" akalia Bi Mize.

"Huo umekwisha kunywa uchafu, Mama. Hauoshiki."

Akanawa mpaka kwenye viwiko. Jioni, nyumba ilipokauka, mtoto akarudishwa.

Kesho yake wakaja wote watatu.

"Bila mimi," akasema Chiku, "maji yangefika kitandani."

"Bila mimi," akasema Faki, "mtoto angerudi wapi?"

"Bila mimi," akasema Hidaya, "angekuwa ndani na uchafu ule."

"Lakini wewe umekwisha kumtoa!" akadakia Chiku. "Wataka mara mbili?"

"Jana nilikimbia naye. Sikumwonyesha hata kuku!"

Bi Mize akamtazama mjukuu, akaitazama mikono mitatu iliyonyooshwa.

"Mimi ndiye niliyeziba bomba kwa mafuta," akasema. "Nitachaguaje?"

Mtoto amevishwa kanzu, jua limetoka, mlango uko wazi. Haya, wanangu, mnisaidie: je, nani alistahili kumbeba?